UZI: Miaka mitatu ya studio, skechi za uongo, na kanga iliyoniumbua

Korosho_Nusu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu hakuna ugomvi.

Mi nasoma ubunifu, mwaka wa 3, hapa Dar, chuo sikitaji maana humu mmejaa. Kwa wasiojua, kwetu mtihani mkubwa sio ule wa kukaa na karatasi masaa matatu, ni studio. Mnapewa kazi, mna wiki 6 au 8, unatengeneza kitu, siku ikifika unakibandika ukutani na walimu wawili watatu wanakichambua mbele ya darasa zima huku wewe umesimama pembeni kama umekamatwa na kuku wa watu. Hiyo tunaita krit. Kuna watu wameshatoka nje kulia, wanaume kabisa na ndevu zao.

Pamoja na kazi unakabidhi daftari la studio, kwamba kila siku unachora ulichowaza, unaandika kwanini umebadilisha hiki, kwanini umeacha kile. Sasa niseme ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu, miaka miwili yote daftari langu lilikuwa la uongo. Nilikuwa nafungua Pinterest, nadesa kidogo huku kidogo kule, namaliza kazi kwenye laptopu, halafu usiku wa kuamkia krit nakaa geto nachora skechi 20 kwa mkupuo. Nina peni tatu tofauti, penseli moja iliyochongwa na moja butu, ili ionekane nilichora siku tofauti. Kuna kurasa nilizidondoshea chai makusudi. Yaani kughushi huko kungekuwa kozi ningepata A.

Na zilikuwa zinapita! Mwaka wa kwanza tulipewa kazi ya alama za daladala, ile mistari ya rangi ubavuni ambayo kila ruti ina yake, nikaiondoa yote nikaweka vipicha vya kisasa, vizuuuri, mwalimu akaniambia nenda stendi kamuonyeshe konda. Sikwenda. Nikaandika kwenye daftari kwamba nilienda na konda alifurahi. Mwaka wa pili kifungashio cha viungo vya pilau, hakina cha kusimulia, boksi ni boksi.

Kilichonipata ni mwaka huu. Kazi ilikuwa sentensi moja ubaoni: "Tengeneza kanga. Rangi zisizidi tatu. Ivaliwe." Nilicheka. Nikasema kanga? Kitu ambacho kila nyumba kinafunikia ndoo? Wiki mbili nimemaliza.

Naendelea, ngoja niweke simu chaji.

Mzee wa Fursa

Serikali inakopesha bumu mtu akasomee kuchora kanga. Halafu mkimaliza mnalia hakuna ajira. Ungesoma hata uhasibu dada angu.

Mama Kijacho

@Mzee wa Fursa hiyo shuka uliyojifunika usiku ilijichora yenyewe? Mwache mtoto asimulie. Nimevuta kigoda.

Korosho_Nusu

Mzee wa Fursa shikamoo, uhasibu nilijaribu kuuota nikaamka natokwa jasho.

Tuendelee. Kanga kila mtu anaijua ila kuna majina ya sehemu zake ambayo mi mwenyewe nilikuwa nayasikia kijuujuu. Kuna pindo, ule ukingo unaozunguka pande zote nne. Kuna mji, pale katikati. Na kuna jina, yale maneno. Kipande kimoja kinakuja kama sentimita 150 kwa 110, vinauzwa viwili vikiwa havijakatwa, ndo doti.

Mi nikafungua laptopu nikachora. Mjini nikaweka jua linachomoza, miale inafifia kutoka chungwa kwenda waridi kwenda zambarau, pindo nikaweka korosho, yale maua yaliyopinda kama korosho yapo kwenye kanga tangu enzi, ila zangu zina vivuli na mng'ao. Jina nikaandika THUBUTU KUOTA, nikaliweka juu kabisa chini ya pindo la juu, herufi nene. Kwenye skrini ya laptopu ilikuwa inawaka wakuu. Nikaiweka profaili.

Nikaipeleka Kariakoo kwa jamaa mmoja anachapa tisheti, nikamwambia kaka nataka unisaidie kuchapa hii. Akaitazama, akachukua simu yangu akaikuza, akaanza kuhesabu kwa vidole. Alipomaliza mkono wa kulia akahamia wa kushoto.

"Dada hapa kuna rangi kama 12, na hizi zinazofifia sijazihesabu. Unachapa noti?"

Ndo nikajua. Kwenye skrini printi kila rangi ina fremu yake. Fremu ni mbao nne, imevutwa kitambaa chepesi chenye matundu, kwa nguo wanatumia meshi 43, yaani nyuzi 43 kila sentimita, unapaka dawa gizani ikauke, unaweka karatasi yenye mchoro mweusi juu yake, unapiga mwanga. Palipopigwa mwanga dawa inaganda, palipokingwa na weusi inabaki laini, ukimwagia maji inatoka na tundu zinafunguka. Wino unapita hapo tu. Kwahiyo rangi 12 ni fremu 12, na ile miale yangu inayofifia hakuna wino unaofifia, wino upo au haupo.

Kumbe "zisizidi tatu" ya mwalimu sio roho mbaya. Nikakumbuka darasani walishatuambia habari za mchoraji Tingatinga, kwamba mwishoni mwa miaka ya 60 huko Msasani alikuwa anachorea rangi za mafuta za dukani, zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, rangi chache tu alizonazo ndo hizohizo, na amefariki 1972 lakini mpaka leo ukiona mnyama wake mwenye madoa unamjua kabla hujaona sahihi. Nilivyosikia darasani niliandika kwenye noti nikafunga daftari. Pale Kariakoo ndo iliniingia.

Leso ya Mvita

Huku kwetu Mombasa twaita leso mamangu, si kanga. Na hilo jina lina historia yake, latoka kwa Wareno, lenço ni kitambaa cha mkono, zamani wanawake walikuwa wakinunua vile vitambaa kabla havijakatwa kimoja kimoja, wakaviunga vikawa kipande kikubwa. Kanga nalo wasema ni yule ndege, kwa yale madoadoa ya leso za kwanza.

Na ukija Mombasa pita Biashara Street uangalie leso zenye chapa ya K.H.E. Mali ya Abdulla. Ile ni ya Kaderdina Hajee Essak, duka la tangu 1887. Watu wazima huku hawaulizi leso ni nzuri ama mbaya, wakunja ncha wakatafuta ile chapa kwanza. Na leso za zamani maneno yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, hizi za Kirumi zimekuja baadaye.

Endelea, wataka kutuambia ulivyoaibika na hutaki kufika!

Korosho_Nusu

Ahsante sana @Leso ya Mvita. Nafika, nafika.

Nikapunguza. Nyekundu, nyeusi na njano kwenye nyeupe. Jua likawa duara. Jina nikaliacha vilevile, nilikuwa nalipenda.

Sasa fremu ya kanga nzima sina na siwezi kuinua, kwahiyo nikaamua kuchapa kwa vipande, fremu ndogo ya korosho naisogeza sogeza kuzunguka kitambaa. Korosho yangu ilikuwa na sentimita 12. Sikupiga hesabu, kwenye programu ukikokota inajipanga yenyewe. Nimeanza kona ya kushoto, nachapa nasogea, nachapa nasogea, najisikia fundi kweli, nafika kona ya pili imebaki nafasi ya nusu korosho. 150 gawa kwa 12 ni 12 na nusu. Upande mfupi nako 110 haigawanyiki. Kona tatu kati ya nne zina korosho iliyokatwa kichwa. Jina langu la humu limetoka hapo, mlikuwa hamjaniuliza.

Na nyeusi ilivyokuja juu ya nyekundu ilipishana kama milimita tatu, kila korosho ina mwanya mweupe upande mmoja kama imevua kofia. Jamaa wa Kariakoo akanipa siri bila hata hela ya soda: nyekundu ichore inenepe kidogo iingie chini ya nyeusi, basi hata mkono ukiteleza nyeusi inafunika. Hicho kitu mwalimu alishatufundisha muhula mzima kwa jina la kigeni na slaidi 40, nikadesa, nikafaulu, sikuelewa.

Nikapiga pasi haraka haraka ili wino ukamate maana mgao ulikuwa unakuja saa moja, nikakunja, nikaweka kwenye begi. Wikiendi hiyo nilikuwa naenda Tanga kwa bibi.

Fundi Skwiji

Nipo kwenye hii kazi mwaka wa 11 sasa. Mdogo wangu ulikosea kabla hata hujachapa, ulifua kitambaa? Najua hukufua. Marekani, hicho kitambaa cheupe cha pamba, ikiwa mpya ina wanga, wino unakaa juu ya wanga haukamati uzi. Fua, anika, piga pasi, NDIO upime.

Na kwa wale wanaojifunza, kama huna ile karatasi angavu, printi kwenye karatasi ya kawaida upake mafuta ya kula nyuma, ila pangusa na tishu mpaka isiache alama mkononi, ukizidisha yanachafua dawa na unarudia fremu yote. Jua la saa sita usiliamini, linachoma haraka, jaribu kipande kidogo kwanza uhesabu.

Korosho_Nusu

Kaka @Fundi Skwiji ungekuwepo wiki ile.

Nimefika Tanga jioni. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, umekonda, chuoni hamli? Nikamtolea kanga nikamwambia bibi nimekuchapia kwa mikono yangu. Alifurahi jamani. Akaishika, akaikunjua, akaipitisha kidole gumba, halafu hakusema kitu akaenda kuichovya kwenye beseni. Nikasema bibi ngoja! Akasema kanga mpya haivaliwi na wanga wake.

Tulikaa pale barazani mi naangalia beseni. Maji yakawa pinki. Bibi anaendelea kunihadithia habari za mjomba, mi nipo na lile beseni tu. Alivyoitoa jua lilikuwa na vidonda, sehemu ambazo pasi haikukaa vizuri wino ulikuwa umeachia. Asubuhi imekauka nikaipima na futi yake ya cherehani, ilikuwa imerudi karibu sentimita sita kwenye urefu.

Akavaa miwani akasoma jina. Bibi anasoma kwa sauti, silabi silabi.

"Thu-bu-tu ku-o-ta." Akanitazama. "Kuota nini? Jua?"

"Hapana bibi, ndoto."

"Ndoto za nini?"

"Yaani... malengo. Mtu awe na ndoto kubwa."

"Unamwambia nani?"

"Nawaambia watu wote bibi."

Akavua miwani. "Kanga haisemi na watu wote. Anayeambiwa anajijua."

Sikuwa na jibu. Nina miaka mitatu nafundishwa kwamba kabla hujachora ujue unayemchorea, nimelijibu hilo swali kwenye mtihani wa kuandika kwa aya nne. Ile THUBUTU KUOTA niliitoa kwenye kikombe cha chai nilichokiona mtandaoni, kimeandikwa kizungu, nikatafsiri.

Halafu akajifunga. Hapa ndo pa kuzikwa. Alivyoizungusha kiunoni akakunja ukingo wa juu kuja nje mara mbili, akachomeka, kama anavyofanya kila siku ya maisha yake. Maneno yakapotea yote. Yaani jina zima limeingia kwenye mkunjo. Nililiweka juu kwasababu kwenye laptopu kichwa cha habari kinakaa juu! Kanga zote nilizokulia nazo jina lipo chini, juu kidogo ya pindo la chini, na sikuwahi kujiuliza kwanini. Ikifungwa maneno yanaangukia nyuma, chini ya makalio, anayekufuata njiani ndo anasoma.

Bibi akajigeuza geuza mbele ya dirisha, akasema kwa upole kabisa, "maneno yako nimeyakunja mwanangu."

Mama Kijacho

Nimecheka mpaka kijacho kimegeuka. Bibi apewe uprofesa.

Mzee wa Fursa

Mi nilikuja kubeza ila hii ya maneno kuwa chini nimetoka kwenda kuangalia kanga ya mke wangu kambani. Ni kweli. Miaka 22 ya ndoa sijawahi kuligundua hilo. Na nilichokisoma sikukipenda.

Leso ya Mvita

@Mzee wa Fursa ilikuwa imeandikwaje? Anayeambiwa anajijua!

Mzee wa Fursa

Tusitoke kwenye mada.

Korosho_Nusu

HAHAHA Mzee wa Fursa pole.

Basi nimerudi Dar Jumapili usiku na wiki tatu mkononi. Jumatatu nikaenda kwa mwalimu nikamuonyesha kitambaa chenye vidonda. Nilidhani atanila. Akaomba daftari. Sasa daftari lilikuwa halina kitu wakuu, nilikuwa nangoja usiku wa mwisho kama kawaida yangu. Akaniuliza yale ya miaka iliyopita unayo? Nikamletea. Akafunua, akafunua, akafunga. "Skechi zako hazijawahi kukosea hata moja. Ya kwanza kabisa tayari ina jibu la mwisho. Nilikuwa nangoja siku utakayoniletea kitu kilichoharibika." Kumbe alijua muda wote. Ile chai yangu ya makusudi alikuwa anaiangalia tu.

Sikuwa na la kusema nikaanza kuandika. Sio uandishi wa maana, ni vitu kama "150/12 = 12.5, mjinga mimi" na "beseni, pinki, pasi dakika ngapi?" na nikabandika kipande cha ile njano iliyoachia. Nikaona aibu mwanzoni, ila kuna siku nilikwama kwenye kona nikarudi ukurasa wa nyuma nikakuta jibu nilishaliandika mwenyewe bila kujua. Zile skechi 20 za usiku mmoja hazijawahi kunijibu chochote, zingenijibu nini na nilizichora kazi imeshaisha?

Mara ya pili nilifua kitambaa, nikaanika, nikapiga pasi, ndo nikapima (@Fundi Skwiji nilijifunza kwa machungu). Korosho nikaipunguza iwe sentimita 10, kwahiyo 15 kwa 11, hakuna nusu. Kona ina fremu yake. Pindo fremu ina korosho tatu tatu, upande mfupi katikati ya kona zinabaki 9, tatu mara tatu, imekaa safi. Upande mrefu zinabaki 13, tatu mara nne halafu moja inabaki peke yake, ya mwisho nikaziba mbili kwa selotepu nikachapa moja. Njano nikaitupa. Nyeusi na nyekundu tu kwenye nyeupe, na ndio najua nimekaribia kisutu, ile ya harusi, mwalimu mmoja alinibana sana hapo kwenye krit kwamba nimeogopa, na sikubaliani naye mpaka leo. Ukibaki na rangi mbili unaanza kuona nyeupe nayo ni rangi, nilitumia siku mbili nzima kwenye nafasi ya katikati ya korosho na korosho.

Mjini niliondoa jua. Nikaweka mtungi mmoja, umefunikwa.

Jina ndo lilinitoa jasho. Nimeandika kama 60 kwenye daftari, za kweli hizo, kwa peni moja. Nyingi zilikuwa mabango ya semina. Nikawa najiuliza swali la bibi kila moja, unamwambia nani. Nikajikuta namuwaza mtu mmoja darasani, simtaji, ambaye kwenye krit iliyopita alisema nyuma yangu kwa sauti ya kusikika kwamba kazi zangu ni za kudesa. Alikuwa na haki, ndo inauma. Nikaandika bila kufikiri:

NIMENYAMAZA SI KWAMBA SIKUSIKIA

Nikaliweka chini.

Siku ya krit sikubandika ukutani. Nilimuomba rafiki yangu ajifunge atembee kutoka mlangoni mpaka dirishani, na ile ya kwanza yenye vidonda nikaining'iniza pembeni yake. Alivyopita wakaanza kusoma wanavyomfuata kwa macho, na yule mtu naye akasoma, akainama kwenye simu. Nikapata B+. Yule wa kisutu ndo kaninyima A nina uhakika.

Fundi Skwiji

B+ kwa pindo la fremu tatu tatu bila meza ndefu, ni heshima. Kanga yenyewe iko wapi, tupia picha.

Korosho_Nusu

Sina kaka, anayo bibi. Nilimpelekea likizo. Hii aliichovya, maji yakabaki maji. Akasoma jina mara moja tu, hakuuliza namwambia nani, akaikunja akaiweka sandukuni, nikajua hajaipenda.

Wiki iliyopita kanipigia. Kuna jirani yake wana maneno ya muda mrefu, habari za mpaka wa shamba na mengine siwezi kuyaandika humu, huyo mama alikuja kwa bibi kuazima kinu kama hakuna kilichotokea. Bibi anasema alimkaribisha vizuri, akaingia ndani kuitoa sandukuni akajifunga, akarudi wakasalimiana upya.

"Halafu nikageuka kumchotea maji," ananiambia, "na mtungi uko mbali."

Leso ya Mvita

Mama yule alisemaje??

Korosho_Nusu

Aliaga. Kinu kakisahau.